Maji Hayakosei

Shimo lilikuwa limenifika kiunoni. Nachimba jikoni, mama anashusha vitabu vya baba tuvizike, mara hodi!

Komanda wa waasi, mlangoni kwetu, mtaa wa Rugenge.

Mwaka ni 1964. Uvira nzima ilijua waasi wanawaua wasomi. Na baba yangu, Thaddée, alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na utafiti usiokwisha: jinsi wanazuoni wa Kanisa wa zama za kati walivyobishana juu ya maji ya baraka.

Chekeni. Hata sisi tulicheka.

Komanda huyo, Evariste, aliwahi kuwa mwanafunzi wa baba. Hakumpa mkono.

"Unisamehe, Mwalimu. Dawa inakataza tuguse muntu."

Kaka yangu Rémy alikuwa kwenye kikosi cha Evariste. Mganga alimnyunyizia maji, akamwambia risasi hazitampata.

Mama alikuwa amemwomba baba jambo moja: "Wakikuuliza, sema maji haiko na nguvu. Mtoto arudi."

Na Evariste akauliza.

"Mwalimu, maji yetu iko ya kweli? Vijana wanakufa. Wenzao wanataka kurudi kwao."

Baba akatazama bunduki.

"Baadhi ya wanazuoni walisema maji yaliyobarikiwa hayakosei. Anayekosea ni aliyeyapokea."

Evariste akaruka kwa furaha. "Kumbe! Anayekufa amevunja mwiko! Nitawaambia vijana wote."

Akaenda zake. Baba akabaki hai.

Wiki ile walipigana huko Runingu. Evariste akarudi, akasimama palepale.

"Pole, Mwalimu. Rémy alitazama nyuma. Alivunja mwiko."

"Nani alimuona?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Lakini si amekufa? Mwalimu mwenyewe ndiye alitufundisha."

Alipoondoka, mama akamgeukia baba taratibu.

"Na wale wanazuoni wengine walisema nini?"

"Kwamba dai lisiloweza kamwe kushindwa, hata watu wakifa, halithibitishi kitu."

"Mbona weye hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Simhukumu baba. Bunduki ilikuwepo. Ila nimejifunza hili: nusu ya ukweli humwokoa msemaji, nusu iliyofichwa huzikwa pamoja na mtoto wa mtu.

Waombolezaji walijaa uani, na kuni hatuna. Mama akaingia shimoni, akatoa vitabu tulivyovificha, akavipanga chini ya sufuria ya maharagwe. Baba alitazama tu.

Jioni mama akafunika shimo kwa ubao.

"Vilivyobaki ni vya kesho," alisema. "Matanga bado."