Siku Pikapu Iliporudi Nyuma, Njia ya Suji

Mume wangu hulisikiliza gari kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Tunaweza kuwa tunaongea mambo yetu, ghafla ananyoosha kidole kimoja juu, nami nanyamaza, kwa sababu najua kuna kitu amekisikia huko chini. Siku ile alikinyoosha tukiwa tumeshaiacha lami ya Makanya na tunapanda mlima kwenda Suji, anakoishi mama yake.

Mama mwenyewe tulikuwa naye. Tulikuwa tumemchukua Same, alikokuja kupimwa macho, na walikuwa wamemtia dawa iliyomfanya aone ukungu mtupu. Alikaa katikati yetu kwenye kiti kile kimoja kirefu, mkoba mapajani, magoti ameyasogeza kuelekea kwangu ili yasiguse gia. Nyuma tulikuwa tumepakia mifuko ya saruji ya jiko lake, tukaifunika turubai maana vuli ilikuwa imeshaanza.

"Krosi," mume wangu alisema.

Mimi nilikuwa nasikia kugonga tu, kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko kila tulipopita kwenye shimo. Lakini nimekaa na gari lile miaka mingi kiasi cha kujua krosi ni nini. Chini ya gari kuna propela, chuma kirefu kinachochukua nguvu kutoka giaboksi na kuipeleka difu ya nyuma, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Krosi ndiyo kiungo kinachoishikilia propela hiyo kwenye difu. Kikikatika mlimani, chuma kinaanguka, kinachapa kila kitu, na gari halina tena cha kulisukuma.

Tulisimama mahali ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Kushoto ukuta wa udongo mwekundu, kulia bonde lenye migomba, chini kabisa mto unaosikika bila kuonekana. Hapakuwa tambarare, lakini kwenye njia ile tambarare hakuna. Alivuta hendibreki mpaka mwisho, akazima injini, akaacha gia ya kwanza imeingia. Mimi niliteremka nikatafuta jiwe, nikaliweka nyuma ya tairi. Yeye akaja, akalisukuma kwa kiatu lijichimbie vizuri, akaridhika.

"Naitoa propela ya nyuma kabisa," alinieleza, akiwa ameshalala chini juu ya gunia. "Halafu naweka fowili, tunavutwa na magurudumu ya mbele mpaka nyumbani. Polepole tutafika."

Haikuwa mara ya kwanza kusikia jambo hilo. Mafundi wa Same husimuliana hivyo, kwamba pikapu za zamani zenye kuvuta magurudumu yote manne hazimwachi mtu porini, ukikosa nyuma unatumia mbele. Mama aliuliza kama ashuke. Mume wangu alimwambia, "Kaa tu, mama, nje kuna manyunyu, na macho yako hayaoni vizuri." Akakaa. Mimi nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikampa mama kikombe chake dirishani, nikabaki na changu mkononi, nimesimama upande wa ukuta.

Kutoka chini nilimsikia akifungua boliti. Alikuwa ameshaifunga propela kwa kamba ya mpira isije ikamwangukia usoni. Boliti za kwanza zilitoka kwa urahisi. Ya mwisho ilikataa. Aliguna, akaipiga kwa nyundo, akasema, "Hii imeng'ang'ania kama inavutwa na kitu." Akaipiga tena.

Gari likaondoka.

Sijui namna nyingine ya kulisema. Halikutikisika kwanza, halikutoa onyo. Lilikuwa limesimama, kisha likawa linarudi nyuma, kimya kabisa, injini imezimwa. Tairi lilipanda juu ya jiwe langu, likalizamisha kwenye tope, likapita. Niliona bodi inapita mbele ya macho yangu kama ukuta unaotembea. Mume wangu alikuwa chini yake.

Nimewahi kuwaza kwamba siku ya jambo kama hilo nitapiga yowe, au nitakimbia, au nitalishika gari kwa mikono. Sikufanya hata kimoja. Nilisimama na kikombe changu cha chai. Nakumbuka nilikinyoosha mbali na gauni ili kisinimwagikie. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mwili wangu ulifanya wakati mume wangu anapitiwa na gari.

Kisha pua ya pikapu ikanipita na barabara ikabaki wazi, na pale chini, kwenye gunia, alikuwapo. Amelala chali, mikono imebana mbavu, uso ameugeuzia upande mmoja. Shati lilikuwa limechanika kutoka begani hadi kifuani. Difu ya mbele, ambayo inaning'inia chini kuliko kitu kingine chochote, ilikuwa imempitia juu na kumchubua ngozi. Macho yalikuwa wazi. Sikujua kama anaona.

Nyuma yangu sauti ya tairi kwenye kokoto ikakoma.

Niligeuka nikitegemea kutoliona gari. Lilikuwepo. Lilikuwa limesimama kwa mshazari kwenye kona, mkia wake umeelekea bondeni, na kati ya tairi la nyuma na migomba hapakuwa na nafasi ya mtu kupita. Nyuma ya usukani alikaa mama mkwe wangu. Kofia yake ya sufu ilikuwa imemwangukia jicho moja. Chai ilikuwa imemlowesha kifuani. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani na mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka moja kwa moja.

"Wekeni mawe," alisema. Hakupaza sauti. "Mengi."

Hapo ndipo miguu yangu iliporudi. Nilikimbia nikakusanya mawe, makubwa niliyokuwa nasema siku zote siwezi kuyainua, nikayapanga nyuma ya kila tairi. Nilipoangalia juu ya barabara nilimwona mume wangu ameketi, kisha amepiga magoti, anapapasa kwenye tope.

"Umeumia wapi?" nilimwuliza nilipomfikia.

"Naitafuta nati," alisema. "Ilikuwa hapahapa."

Nilimshika mkono nikamwinua. Aliinuka kama mtoto aliyeamshwa usingizini, lakini spana hakuiachia. Tuliteremka pamoja hadi kwenye gari, tukamfungulia mama mlango. Alikataa kuondoa mguu kwenye breki. Ilibidi mume wangu ayasukume mawe moja baada ya jingine mbele yake na kumwambia kila moja limekaa, ndipo akauinua.

"Mama," mume wangu alisema, "umejuaje ya kukanyaga ni ipi?"

"Ya katikati," alijibu. "Breki si ndiyo ya katikati?"

"Ndiyo. Lakini umejuaje?"

Aliivuta kofia yake ikakaa sawa. "Mimi nimeendesha trekta," alisema.

Tulimtazama. Mume wangu ni mtu mzima mwenye mvi, amezaliwa na mwanamke yule, amelelewa mgongoni mwake, na hilo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza, barabarani, damu ikimtiririka kifuani.

Mama alitueleza kwa maneno machache, nusu kwa Kipare, nusu kwa Kiswahili ili nami nisikie vizuri. Kabla ya kuolewa alikuwa akiishi tambarare na kaka yake, aliyekuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Alikuwa akimpelekea chakula mchana. Kaka yake akila, yeye alipanda juu akachezea usukani, na siku moja kaka akamwambia kama unataka kuchezea basi chezea vizuri, akamfundisha. Msimu mzima alivuta mikonge kutoka mashambani hadi kiwandani huku kaka yake amelala kivulini. Msimamizi alipogundua ikawa mwisho. Baadaye akaolewa Suji.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimwuliza.

"Kule juu wakati ule hapakuwa na barabara, mwanangu. Ningeendesha nini?"

Kisha akaniomba nimtafutie mkoba wake.

Mume wangu alirudi chini ya gari kuikata ile kamba na kuitoa propela, kwa sababu tungelala pale kama asingefanya hivyo. Safari hii mawe yalikuwa mengi na fowili ilikuwa imeshawekwa. Nilimwona kabla hajaingia chini akisimama, ameweka mkono juu ya boneti, anahema. "Nilikuwa najua," aliniambia. "Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika propela. Ukiifungua propela, hendibreki haina kitu cha kushika, na gia haina. Najua hivyo tangu nimelinunua. Na nimeifungua."

Nilimfunga bega kwa kitenge.

Tulifika Suji tukivutwa na magurudumu ya mbele, usukani mzito, pua ya gari ikitafuta njia yake kila kwenye kona kama ng'ombe anayekokotwa kwa kamba. Tulipofika, majirani walikuja kutusaidia kushusha saruji, wakauliza shati limepatwa na nini, na mume wangu akajibu kwamba lilinasa. Mama aliingia jikoni kuwasha moto.

Gari lilikaa gereji Same kwa muda mrefu kuliko lilivyowahi kukaa. Krosi mpya ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa ile mume wangu aliyoing'ang'ania, kulitolea gari ekseli yake ya nyuma na kuliwekea nyingine kutoka gari jipya zaidi la aina hiyohiyo lililopinduka, yenye hendibreki inayobana magurudumu yenyewe. Fundi alimwambia haina haja, magari kama lile yamepanda milima hii miaka yote bila kubadilishwa chochote. Mume wangu alimwambia, "Badilisha." Ilibidi kuchomelea vishikio vya springi upya, kukata propela na kuiunga, maana ekseli ile ilikaa mbele kidogo kuliko ya zamani. Zamani kazi kama hiyo angeifanya yeye mwenyewe, amelala chini siku nzima, anapiga miluzi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaangalia. Hadi leo haingii chini ya gari, na sijamwuliza ataingia lini.

Kitu kilichobaki kinanishtua ni mama. Nimekula naye, nimeuguza naye, nimemzika baba mkwe naye, na nilidhani namfahamu kila alivyo.

Msimu wa kiangazi aliteremka tena kuonana na daktari wa macho, na tukampeleka kumsalimia ndugu yake upande wa Ziwa Jipe. Njia ile ni tambarare tupu, vumbi na miiba. Katikati ya safari mume wangu alisimamisha gari, akashuka, akazunguka hadi upande wa pili, akamwambia mama asogee kwenye usukani. Hakuuliza kama anataka. Mama naye hakuuliza sababu. Alisogea, akaingiza gia ya pili kwa kuitafuta mara kadhaa, akaiachia klachi polepole hata hatukuhisi, na gari likaenda. Hakubadilisha gia nyingine. Alipita kundi la mbuzi na kijana wa Kimasai aliyesimama akamtazama mpaka tukatoweka. Alipochoka alisimama katikati ya barabara, akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote.

"Klachi yenu nzito," alisema, akarudi katikati ya kiti.