Dizeli Aliyoiokoa Babu Tone

Dereva wa basi letu la shule watoto walimbandika jina la Babu Tone kwa ubahili wake wa mafuta. Tena si mafuta yake, ni ya halmashauri. Mtoto wa shule ya msingi anapanda basi hilo bila kutoa hata senti, na kila mara mzee alikuwa akiniambia, "Anti, hii bure kuna mtu anailipia. Muuza nyanya anailipia. Tusiichezee."

Kazi yangu mimi ni kupandisha watoto, kuwashusha na kuwafuta makamasi. Nimekaa nyuma ya kisogo chake miaka mingi, namjua. Mtoto akichelewa kituoni, alizima injini. Kwenye mteremko wa tangi la maji aliinua mguu, basi likajishukia lenyewe taratibu. Mkewe alisema taa ya choo nyumbani anaisahau mpaka asubuhi, ila dizeli ya umma anailinda kama yai. Madereva wenzake walimcheka. Mgao wao uliisha kila mwezi, mwingine barabarani, mwingine kwenye madumu wanayoyajua wenyewe. Wake ulibaki, akaurudisha stoo.

Mwaka huu dizeli ilipanda bei, tukaitwa ukumbini. Mhasibu, dada mmoja mpole, alimsimamisha Babu Tone mbele ya watu na kumkabidhi cheti chenye fremu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha dada akaendelea kusoma: fedha hazitoshi, kwa hiyo kila basi litapewa kiasi lilichotumia mwaka jana, pungufu kidogo.

Pungufu kidogo! Waliokuwa wakimwaga walikuwa na cha kupunguza. Sisi tulishakamua kila kitu, hivyo kilichobaki kukatwa ni njia yenyewe. Kituo chetu cha mwisho kiko machimboni, wanakokaa wapasua kokoto. Kikafutwa. Watoto wa huko sasa wangetembea mpaka kwenye tangi la maji, pembeni ya barabara ya malori ya mawe.

Tulimfuata mhasibu ofisini, mzee na cheti chake kwapani.

"Mwanangu, yale mafuta niliyorudisha, nipe tu hayohayo."

"Mzee wangu, yale yalishaenda. Ndiyo yaliyoanzisha basi la ng'ambo ya mto." Alivua miwani, akafuta macho. "Nikiyatoa kule, nawashusha wa kule. Niambie niwashushe watoto gani, nitaandika sasa hivi."

Nilitamani dada yule awe mkorofi, angalau nipate wa kumchukia. Tukatoka.

Jumatatu tuligeuzia kwenye tangi. Watoto wa machimboni walikuwa wameshafika, vumbi mpaka kwenye kope, na mama mmoja aliyewasindikiza alikuwa amembeba mgongoni binti yake wa darasa la kwanza. Yule mtoto alikuwa na kiti chake kando yangu, nyuma ya dereva, hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilimpokea, akalala kabla sijamkalisha vizuri.

Mama yake alisogea kwenye dirisha la dereva. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba, kumbe ungeyala tu hayo mafuta kama wenzako. Basi lingekuwa linafika."

Mama yule alikuwa anasema kweli tupu. Alijifunga kanga yake upya, akaanza kurudi machimboni kwa miguu.

Babu Tone aliwasha basi, tukaondoka. Tulipofika kwenye mteremko mguu wake uliinuka wenyewe kutoka kwenye pedali, kama siku zote, na basi likaanza kujishukia. Aliuangalia ule mguu. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Anti, sasa huu niukanyagishe mafuta, ili mwakani tufike machimboni?"