Swichi ya Jikoni

Ukifika mtaa wa Satellite, Nairobi, ukauliza kwa Bi Shahida, hata mtoto wa chekechea atakupeleka hadi mlangoni. Ni nyumba ya mawe yenye geti la kijani, na nyuma yake kuna stoo ya mabati. Stoo hiyo aliijenga marehemu mumewe, Shee, akidhani atafuga kuku wa kuuza. Kuku walikufa kwa kideri, Shee naye akafuata baada ya miaka michache, Mungu amrehemu, na stoo ikabaki na magunia, magodoro makuukuu na panya. Bi Shahida akabaki na mwana mmoja, Zaki, na kazi ya mikono yake, kupaka hina.

Alikuja Nairobi kutoka Lamu akiwa bibi harusi, na mpaka leo, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, Nairobi haijaubadilisha ulimi wake. Hupaka hina katika saluni ya Veronicah pale Kenyatta Market, harufu ya nyama choma ikipenya dirishani na kuchanganyika na mafuta ya nywele. Ni mwanamke wa sauti ndogo. Wateja humwambia siri zao akiwa ameinamia viganja vyao, naye hujibu, "Mungu atafanya wepesi," na siri huishia hapo.

Ndiyo maana watu hushangaa wakiambiwa kwamba mwanamke huyu ndiye aliyefuga bendi ya roki nyumbani kwake.

Miaka mingi iliyopita, Zaki alikuwa amemaliza shule tu, yeye na rafiki yake Nthiwa, kijana wa Kikamba wa ploti ya pili, na wenzao wawili. Waliomba stoo wapigie muziki. Muziki wenyewe haukuwa wa redioni. Ulikuwa wa vijana wachache waliojuana, wakipeana kanda mkono kwa mkono kama watu wapeanao dawa ya mitishamba. Magitaa yalikwaruza utadhani mtu anaburuta bati barabarani, na ndiyo maana bendi wakaiita Bati Bovu.

"Bati la marehemu baba yako ndilo bovu?" Bi Shahida aliuliza.

"Ni jina tu, Mama."

"Jina huumba. Likianza kuvuja mtapanda juu nyinyi."

Alilala na jambo hilo siku kadhaa, akamuomba Mola amwonyeshe njia. Mwisho akaona afadhali kelele ambayo anajua iko wapi, kuliko kimya asichojua kiko wapi. Akawapa stoo kwa sharti moja. Wakati wa adhana, hakuna kupiga.

Tatizo ni kwamba vijana walikuwa wameziba kuta kwa magodoro ili majirani wasilalamike, na humo ndani hata radi wasingeisikia. Bi Shahida akapata njia yake. Stima ya stoo ilitoka jikoni kwa waya mmoja. Muadhini akianza tu, alibonyeza swichi, na magitaa yakafa pale pale. Adhana ikiisha aliwasha, akatoka na mwiko wa wali, akagonga bati la mlango mara tatu: ko, ko, ko.

Sasa, ngoma haihitaji stima. Nthiwa, aliyekuwa mpiga ngoma, angeweza kuendelea apendavyo, na wala hakuwa Mwislamu. Mama yake alikuwa mwimbaji kanisani. Lakini stima ikikatika, alilaza vijiti juu ya magoti akatulia mpaka mwisho. Na mwiko ukigonga, yeye ndiye aliyejibu wa kwanza kwa ngoma kubwa: du, du, du. Ndipo magitaa yakaingia.

Siku waliyorekodi kanda yao, kwa redio ya kaseti ya betri iliyowekwa juu ya gunia, adhana ya Alasiri iliwakuta katikati ya wimbo. Redio haikuzimika. Ikameza yote: kelele, kimya, mwiko, na jibu la Nthiwa.

Bendi ilivunjika bila ugomvi, kwa kazi na ndoa. Zaki akaajiriwa mjini katika duka la vifaa vya stima, kwa mzee Kirit. Alioa, wakaachana kwa wema, akarudi kwa mama yake. Lakini kila Jumapili yeye na Nthiwa waliingia stoo wakapiga wawili tu, mpaka mwaka juzi Nthiwa alipougua figo akafariki. Zaki alikwenda kumzika kwao Kangundo, akarudi, akaitia stoo kufuli.

Tangu siku hiyo hakugusa gitaa. Kazini alikwenda, kuswali aliswali, chakula alikula, ila mazungumzo yalimkauka. Ukimwuliza jambo anakujibu kama mtu anayesoma risiti. Bi Shahida, ambaye kwa miaka aliomba kelele zipungue, akaanza kuomba zirudi. Dua hiyo aliiomba kwa aibu kidogo, maana hakuwa na hakika kama ni dua ifaayo.

Basi siku moja akaja saluni msichana mmoja, Janice, fulana nyeusi, viatu kama vya askari, anataka hina ya harusi ya rafiki yake. Bi Shahida akaanza ua kwenye mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wa Janice haukutulia. Uligonga mkono wa kiti: ko, ko, ko. Kisha kiatu kikajibu sakafuni: du, du, du.

Koni ya hina ikaacha doa mahali pasipo na ua.

"Umeitoa wapi hiyo, mwanangu?"

"Pole, mum. Iko kwa kichwa siku mzima. Ni wimbo wa kitambo, huwezi jua. Bendi ilikuwa inaitwa Bati Bovu."

"Bati gani?" Veronicah akageuka, kitana mkononi.

"Bati Bovu! Walikuwa wanapigia huko Satellite. Wimbo inaenda, inaenda, alafu inakatika, pap! Kimya. Unaskia mpaka moyo yako. Alafu hiyo kugonga. Mimi nilijifunza ngoma juu ya hiyo kimya, aki. Saa hii bendi zote za roki hapa Nairobi ziko na kimya katikati ya wimbo. Kama hamna, watu wanasema hamjaiva."

"Na mwajua kwa nini walinyamaza?"

"Wengine husema ni matanga. Wengine ati walikuwa wanapinga serikali. Kuna msee aliandika ni safari ya ndani ya nafsi, maneno mingi tu."

Bi Shahida akaiweka koni chini taratibu.

"Ni swichi," akasema.

"Swichi?"

"Ya jikoni kwangu. Adhana ilikuwa yaadhiniwa. Na huko kugonga ni mwiko wangu wa wali."

Veronicah alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Kumbe Mama Zaki wewe ni mtu wa roki! Na vile unajifanya mpole hapa!"

Janice hakucheka. Alikuwa amemshika Bi Shahida mkono kwa mkono wenye hina mbichi, ua lote likaharibika, na macho yake yakajaa maji. "Ni wewe uko na mwiko," alisema. "Ni wewe."

Kisha maneno yakamtoka. Wapenzi wa muziki ule walikuwa wanaandaa shoo ya kumkumbuka Nthiwa, katika ukumbi mmoja mjini. Wale wenzake Zaki wawili wa bendi wamekubali, naye Janice ataketi kwenye ngoma. Zaki ameandikiwa mara nyingi na hajibu.

"Muongeleshe, mum. Tafadhali. Bila yeye si Bati Bovu."

Jioni, wakiwa wamekaa kula, Bi Shahida alimsimulia mwanawe yote, hata ile safari ya ndani ya nafsi. Alitumaini atacheka. Zaki alirudisha tonge sahanini.

"Ujumbe wao nimeuona, Mama."

"Mbona huendi?"

"Ule wimbo una mahali pake. Wewe ukigonga, Nthiwa anajibu. Sasa nikifika pale, nani atajibu?"

"Si yule binti apiga ngoma?"

"Nikimweka mtu pale, nimemfuta Nthiwa. Nikipaacha wazi, nitasimama mbele ya watu kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Bi Shahida alinawa mikono. Aliondoa sahani, akaswali Isha, akalala nalo. Asubuhi, Zaki akifunga kamba za viatu aende kazini, mama alisimama mlangoni.

"Baba, hodi tumefunzwa tupige mara tatu. Usipojibiwa, warudi, wala si aibu. Lakini wewe hujabisha hata mara moja."

Zaki akaenda zake. Jioni ile, Bi Shahida akikuna nazi, alisikia kufuli la stoo likilia. Hakutoka kwenda kutazama. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi.

Zaki alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, wimbo ule upigwe alasiri, karibu na adhana. La pili alimpa Janice: ikifika pale pa kujibu, asiguse ngoma. Pabaki wazi. Nyumba ikiwa tupu, basi ionekane kuwa ni tupu.

Siku ya shoo ilikuwa Jumamosi. Bi Shahida alivaa buibui lake jipya, akafuatana na Veronicah. Mlangoni askari akapekua mkoba, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ya kazi," Bi Shahida akajibu, akapita.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, wa zamani, sakafu ya mbao, si mbali na msikiti wa Jamia. Alidhani atakuta watoto wahuni. Alikuta wanaume wenye vipara na matumbo, wamejibana katika fulana walizonunua wakiwa wembamba, wengine wameshika watoto wao mkono, na katikati yao vijana wa rika la Janice. Wazee wale walikuwa wakikumbatiana na kukumbushana.

"Kanda yangu ilimezwa na redio, bwana, nililia kama nimefiwa."

"Wewe ulilia juu kanda ilikuwa yangu!"

Bi Shahida akasimama nyuma, karibu na mlango wa chuma. Muziki ulipoanza aliziba masikio, akacheka mwenyewe, akayazibua. Zaki alikuwa kule mbele, ameinama juu ya gitaa, na mabega yake yalikuwa yale ya miaka ile. Wimbo ukaenda, ukaenda. Fundi wa sauti, aliyekuwa akitazama saa, akakata stima.

Kimya kikashuka. Madirisha yalikuwa wazi, na adhana ya Alasiri ikaingia ikapita juu ya vichwa vyote. Ukumbi mzima, hakukohoa mtu. Hata watoto walitulia. Bi Shahida aliifuatiza adhana kwa midomo, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Stima ikarudi. Akafungua gazeti, akagonga mlango wa chuma kwa mwiko. Ko, ko, ko.

Vichwa vikageuka. Zaki alikuwa amefumba macho. Janice alilaza vijiti juu ya magoti, kama alivyoagizwa, machozi yakimshuka. Pale pa Nthiwa palikuwa wazi, na hakuna kilichosikika. Bi Shahida aliukaza mwiko mkononi. Akasema kimoyomoyo, ee Mola, mimi ndiye niliyemtuma mwanangu kwenye nyumba hii.

Ndipo pembeni, wale wa fulana za kubana wakanyanyua miguu. Du. Ukumbi ukawadaka. Du. Mdundo wa tatu ukapigwa na watu wote, wazee kwa vijana, mpaka vumbi la miaka likaruka kutoka kwenye mbao. Du!

Hakuna aliyekuwa amewapangia. Kila mmoja alikuwa amejibu hodi ile miaka yote, peke yake chumbani mwake.

Zaki alifumbua macho. Aliwatazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na wenyeji wengi kuliko alivyotarajia. Akacheka, kicheko kile mama yake alichokisahau, na gitaa likaingia.

"Nishikie mwiko, Vero," Bi Shahida akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nachelewa swala."

Jumapili iliyofuata kelele zilirudi stoo. Janice alikuwa kwenye ngoma, na majirani walijua. Alasiri ilipofika, muadhini akaanza, Bi Shahida akaacha unga wa mahamri, akaunyoosha mkono kwenye swichi. Kabla hajaigusa, kelele zilikoma zenyewe. Akachungulia dirishani. Magodoro yaliyoziba kuta yalikuwa yameanikwa uani, na mlango wa stoo ulikuwa wazi.