Waliandika Shabani wa Wamaza analala vizuri, na hawakumuona

Wakuu, jambo zenu. Masomo yangu iko kidogo, musinicheke maandishi. Lakini hii si ya kuambiwa, niliiona.

Vita ilipotukuta kijijini kwetu Wamaza, mimi na jirani yangu Shabani tulikimbia miguu wazi, bila viatu. Mengine ya siku ile niacheni nayo.

Kisha proje moja, mradi ya kuponya woga ya vita, ikatuweka mu kikundi, mjini Kasongo. Kila juma tulisema ile mambo mwanzo mpaka mwisho, na kujiuliza: hii woga iko ya leo ama ya siku ile?

Siongopi, mimi ilinisaidia. Shabani, ile dawa ya kusema haikumushika. Wakubwa wa proje wakatuahidi: "Kisha miaka kadhaa tutarudi kwa kila mutu, tuone kama dawa ingali inafanya kazi." Mimi nikabaki Kasongo; Shabani akarudia Wamaza, akawangojea.

Mwaka jana wakaja. Muulizaji ni Fidèle. Namutaja, akasirike tu.

Alinimaliza maswali ya woga na usingizi, akasema: "Papa, njia ya Wamaza ni mbaya. Jibu na ya Shabani, si unamujua?"

"Usingizi ya mutu naijibia namna gani?"

Akacheka. Akaenda sokoni kwa Kalume, shemeji ya Shabani, muuza chumvi. Nilimufuata na baiskeli yangu, nikamusikia anauliza:

"Shabani analala?"

"Analala, si mutu?"

Basi, akaandika! Na Kalume hajakanyaga Wamaza tangu zamani, na yeye namutaja.

Siku ya kutusomea matokeo, wakasema wote wa kikundi wamepatikana, wako vizuri. Makofi! Nikasimama, nikasema yote. Fidèle akanijibu mbele ya watu: "Papa, wewe si umepona? Kelele ya nini tena?"

Watu wakacheka. Mimi muzee, nikachekwa.

Nikapanda Wamaza na baiskeli, matope mpaka magoti. Nikamukuta Shabani mu mukeka, muchana. Kweli analala. Na viatu mu miguu, kamba zimekazwa.

Muke yake akanong'ona: "Usiguse viatu, jirani. Ukimuvua anaruka, anatukimbiza wote porini."

Shabani akafungua macho, akaniona. Hata salamu hakutoa.

"Wamekuja?"

Nikakaa chini kando ya mukeka yake, wakuu.

Somo langu: mwenye kuahidi kurudi kwa mugonjwa afike mpaka mulangoni kwake. Wazima wa karibu na barabara si sisi wote.

Nyinyi mulifuatwa na proje za namna hii, kwenu walifika? Semeni hapa, hata kunitukana. Na mwenye anajua mukubwa wao, amuonyeshe uzi huu. Shabani angali anawangoja.