Bwana Kamba na Baiskeli za Dada Yake

Zamani mtu aliyetaka kuchora njia ya baiskeli alikaa juani juma zima akihesabu wapitao. Siku hizi anakaa kwenye kiyoyozi na kuiuliza mashine ambayo haijawahi kutoka jasho.

Mpima wa halmashauri ya mji wetu alikuwa wa enzi ya jua. Tulimwita Bwana Kamba, kwa kuwa hakuuamini utepe wa kupimia mpaka aulinganishe na kamba yake yenye mafundo. Njia zote za baiskeli zenye miti pande mbili zilitoka kwenye penseli yake.

Ilibaki moja tu ya kuziunganisha: ipite kando ya mfereji, walikopita wauguzi na wanafunzi, au nyuma ya soko, ilikokuwa karakana ya dada yake mkubwa na mumewe. Karakana ilikuwa hoi. Tangu barabara ya malori ifunguliwe upande wa pili, shemeji alishinda akipangusa spana ambazo hazijachafuka. Njia ikipita pale, watapona. Isipopita, watafunga.

Halmashauri iliamua kwamba penye baiskeli nyingi ndipo njia itapita. Bwana Kamba akahesabu siku tatu mferejini, kisha akahamishia kigoda chake nyuma ya soko. Huko baiskeli zilimiminika mpaka mkono ukamuuma kwa kuandika. Alishtuka muuza kuku alipopita mara ya tano, na kuku walewale watatu kwenye tenga.

"Wewe, hao kuku mbona hawanunuliki?"

"Nawatembeza, mpima. Wamechoka kukaa."

"Na wewe nani anakutembeza?"

Muuza kuku akacheka, akatupa jicho karakanani. Dada mtu alikuwa mlangoni, mikono imejaa grisi. Yeye hakucheka. Bwana Kamba akamwendea.

"Dada, umewazungusha mtaa mzima?"

"Nimewaomba tu. Upepo nimewajazia bure."

"Kuna mmoja kapita mara tisa!"

"Basi andika tisa. Nani anakukagua? Mdogo wangu, nilikubeba mgongoni mpaka shule. Leo kapenseli tu kanakushinda?"

"Mwache, mke wangu," shemeji akasema, akitazama chini. "Ana kazi yake."

Hawa wa siku hizi wangeandika tisa na kupiga muhuri juu. Bwana Kamba alirudi kigodani, akakata mistari, kila baiskeli akaiachia mara moja. Zikabaki arobaini na moja. Mferejini zilipita zaidi ya mia mbili kila siku. Tangu siku hiyo hakukaribishwa tena kwa dada yake.

Njia ikachongwa kando ya mfereji. Mwaka haukuisha, karakana ikafungwa, na wenyewe wakaamua kuhamia mji wa mbali alikoolewa binti yao. Asubuhi ya kuondoka, Bwana Kamba alikuwa akimwagilia miche aliyoipanda kando ya njia hiyo mpya. Akawaona wanakuja, baiskeli mbili, godoro limefungwa nyuma ya shemeji. Kwenda stesheni hapakuwa na njia nyingine laini kama ile.

Shemeji alipunguza mwendo, akainua mkono. Dada hakupunguza.

"Imenyooka," alisema akimpita, macho mbele.

"Nendeni salama, dada."

Alisimama na ndoo mkononi mpaka godoro likawa doa, kisha lisionekane. Hakuwaona tena.