Na Mumewe

Kile kijiji cha zamani nje ya mji wa Upplands Väsby, huku Sweden, kimebaki kanisa, nyumba tano na kituo cha basi. Mama alikipenda kwa sababu ya kituo. "Nikifa nizikeni hapa," alisema. "Sitaki wageni wangu wahangaike kubadilisha treni."

Jumapili moja baada ya ibada, bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akiandika historia ya usharika alitutembeza makaburini. Historia yenyewe, ukimsikiliza vizuri, ilikuwa hii: wanaume walijenga kanisa la mawe, halafu wakagombania viti vya mbele mpaka wakafa. Walipokufa, mawe yao yakachongwa kazi zao. Mkulima fulani. Mhunzi fulani. Hakimu fulani. Na chini yake: na mkewe.

"Mkewe nani?" Mama akauliza. Nikatafsiri. Yule bibi akajibu kwamba zamani jina la mke halikuandikwa.

"Ala! Mtu amzalie watoto tisa, halafu hata jina asipewe?" Mama alicheka mpaka akashika jiwe la hakimu asianguke. Kisha akamgeukia Baba. "Mwalimu, sikia. Langu liandikwe muuza mandazi, na jina langu lote. Wewe utakaa chini: na mumewe."

Baba hakucheka. Kule Bujumbura alikuwa mwalimu mkuu, na hata Mama mwenyewe alimwita Mwalimu. Lakini mshahara wake ulipokwama ni mandazi yaliyotulisha, na kambini tulikokimbilia vilevile, na jambo hilo halikutajwa mbele yake. "Usinitie aibu mbele ya wafu," alisema. Wakanuniana ndani ya basi mpaka nyumbani.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Kaka yangu alitaka jiwe lenye aya ya Biblia. Mimi nilitaka mandazi. Tulibishana kwa simu wiki nzima, na nakiri nilimtukana. Lakini mwenye kauli alikuwa Baba, na Baba tangu mazishi hakusema neno ila kuomba chai. Niliogopa ataandika "mke wa mwalimu mkuu". Niliapa kwamba akithubutu, sikanyagi tena pale.

Siku ya kuagiza jiwe alivaa suti yake ya harusi za watu. Kwa fundi akatoa karatasi yenye mwandiko wake wa ubaoni. Muuza mandazi. Jina la Mama, lote, hata lile la utotoni. Na mumewe.

Nikamtafsiria fundi, naye akasema kwa upole kwamba nafasi ipo, Mzee anaweza kuweka jina lake na kazi yake pia.

Baba akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mwambie nimekula mandazi yake miaka arobaini, watu wakiniita mimi Mwalimu."