Siku Nilipocheka Dirishani

Hebu niambie ukweli: ukimuona mtu kateleza kaanguka, unaanza na kukimbia au unaanza na kucheka? Usinifiche. Mimi nacheka. Tangu mdogo nacheka, nimechapwa sana kwa kucheka, shule yenyewe niliiacha darasa la tatu, mwalimu kachoka na mimi. Sasa ni bibi, meno yangu mdomoni unaweza kuyahesabu, na bado nacheka.

Mungu naye akanileta kukaa Alby, huku kwa Waswidi, kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni linaangalia mteremko wa stesheni. Mwezi wa kumi na moja ukiingia, dirisha lile linaishinda televisheni.

Wewe hujui mwezi wa kumi na moja wa huku. Kwanza inakuja dhoruba kutoka baharini, inapita katikati ya maghorofa inapiga mluzi, na siku moja tu miti yote iko uchi. Kiti cha plastiki cha jirani kiliruka kutoka juu kikatua kwenye boneti ya gari la watu. Mvua haishuki kama mvua, inakuja ya ubavuni, inakutafuta masikioni. Saa tisa mchana, giza. Halafu inafika siku baridi inaanguka ghafla mvua ikiwa bado hewani, ikigusa chini tu inaganda. Huoni kitu. Unaona lami nyeusi kama ya jana, unaiamini, unaikanyaga, mara unaangalia mbingu.

Basi mimi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana miaka tisa, tulikuwa na mchezo wetu. Jumamosi tunavuta viti dirishani, chai ya maziwa mkononi, tunaangalia watu wa mteremko. Anayepiga magoti kwanza huyo tunamwita mchungaji. Anayepigapiga mikono hewani na hatimaye haanguki, huyo bata. Anayekaa chini kwa makalio, puu, kama mtu aliyewekewa kiti, huyo waziri. Waziri ndiye mwenye pointi nyingi. Tulicheka, jamani! Kuna bwana mmoja mrefu alianza bata, akaenda mchungaji, akamaliza waziri. Nilikohoa mpaka binti yangu akaja na maji.

Nina rafiki yangu mmoja. Nasema mmoja kwa sababu ndiye huyo huyo. Yeye wa Uvira, mimi wa Kigoma, ziwa lile lile, samaki wale wale, tukaja kukutana kanisani huku kwenye baridi. Anakaa Hässelby, mwisho kabisa wa treni ya kijani. Hana mume, watoto wake wana kazi zao, mimi nami binti yangu hayupo kutwa. Asubuhi tunapigiana simu kuulizana kama tumeamka. Asiponipigia siku moja, sijui nitaamka kwa ajili ya nani.

Yeye alipewa yale meno ya viatu, mpira wenye vimisumari unauvalisha kiatu, barafu inashikika. Jumapili tulipotoka kanisani njia imeganda, mimi nimeshika nguzo ya taa siiachi. Akainama pale pale, akavua meno yake, akanivalisha mwenyewe. "Utanirudishia," akasema. Sikurudisha. Yakakaa kwenye msumari kwetu, nyuma ya mlango.

Jumamosi nikampigia. Nilikuwa na samaki wakavu, nataka kula na sombe yake, kwetu tunaita kisamvu, maana sombe anayopika yeye, na mawese yake, mimi siiwezi.

"Leo sikuji, dada," akasema. "Upepo uko mubaya sana."

"Wewe mwenye mwili kama kabati, upepo ukupeleke wapi?"

Akacheka. "Na meno yangu iko kwako."

"Tembea pembeni, kwenye majani. Au watu wa Uvira mmekuwa mayai?"

"Weka maji jikoni," akasema. "Ninakuja."

Sasa nikaanza kukaanga samaki wangu. Dirisha nikalifungua wazi, maana jirani hawapendi ile harufu, wanabandika karatasi za malalamiko kwenye ngazi. Mjukuu kakaa kitini kwake na blanketi. Nje, mvua ile ya kuganda ndiyo imeanza.

"Mormor, njoo!" Ndivyo anavyoniita, kama watoto wa huku wanavyomwita mama wa mama.

Nikaja na mwiko mkononi. Kuna mtu anapanda mteremko, koti kubwa jeusi la kiume, kofia imefunika uso wote, kainama kupambana na upepo. Hatua moja mbele, upepo unamrudisha nusu. Begi kalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nikasema huyu atakuwa bata. Mara miguu yote miwili ikaondoka pamoja. Puu!

"Waziri!" nikapiga kelele. "Waziri kapewa kiti!"

Tukacheka, mimi na mtoto. Nikaegemea dirisha, kicheko kinatoka nje chote. Yule mtu akajaribu kuinuka kwa mkono mmoja, akaanguka tena ubavu. Mtoto akanyamaza. Mimi nikacheka tena, nacheka machozi, napiga ukingo wa dirisha kwa mwiko. Begi likamtoka, likateleza chini ya mteremko, bakuli likachomoka, kifuniko huko. Kitu cha kijani kikamwagika kwenye barafu, kijani kizito, na mafuta mekundu yanatambaa pembeni yake.

Mtoto akasema taratibu, "Mormor. Ile ni sombe."

Nchi hii yote, nani mwingine anatembea na sombe?

Nilishuka ngazi sijui vipi, mto na blanketi la mtoto kwapani. Lakini ngoja nikuambie jambo hili, hata kama utanichukia: mlangoni kwetu, kabla ya kushuka, nilisimama, nikavaa meno. Yale yale yake. Niliogopa kuanguka. Nikamfikia natembea vizuri kabisa, kra, kra, kra, yeye amelala, uso mweupe kama majivu, mvua inamgandia kwenye nyusi. Macho yake yakaangalia viatu vyangu kwanza, ndipo yakapanda usoni.

"Ah," akasema. "Meno yangu ndiyo hii."

Nikamwekea mto, nikamfunika blanketi la mtoto, upepo ukalichukua, nikalikimbiza, nikalirudisha, nikalikalia. Gari la wagonjwa lilichelewa mno. Siku ile mji mzima ulianguka. Watu walikuwa wanapita wameshikana mikono, wanaangalia, wanaangalia tena miguu yao. Nikitaka kumgusa mguu anapiga kelele sijawahi kusikia kwa mtu mzima. Na sombe pale chini inaganda, ndege weusi wameshaiona.

Nyonga ilivunjika. Walimtia chuma.

Nilimwendea hospitali na mjukuu wangu, nimebeba uji. Amelala, mdogo, kabati lote limekwisha. Tukazungumza mambo ya kanisa. Meno hakuyataja hata mara moja, na mimi nilikuwa nayo mkobani, nimeyaosha. Halafu akanishika mkono.

"Dada, kuna mutu alinicheka."

"Nani?"

"Yuko juu, kwa dirisha. Mufupa yangu imevunjika, naye anacheka. Nikaanguka tena, akacheka tena! Na alisema Kiswahili. Sikusikia muzuri juu ya upepo, lakini ilikuwa Kiswahili. Barafu ninasamehe, barafu haina akili. Ule mutu, hapana. Kwenu nani anasema Kiswahili?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Labda yule mama wa ghorofa ya tano." Mama wa watu! Siku nilipougua ndiye aliyeniendea dukani.

"Sawa," akasema. "Nikianza kutembea nitakuja na fimbo yangu, nitapanda mupaka kwake. Nitamuuliza mbele yako." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Na weye, mutoto, macho yako iko mazuri. Hukuona nani alicheka?"

Mtoto akafungua mdomo. Nikamtia kijiko cha uji wa mgonjwa mdomoni, nikasema mtoto huyu hajala tangu asubuhi, twende, treni itatuacha. Rafiki yangu akatuangalia tunatoka. Meno nikasahau kumpa tena.

Stesheni nikamnunulia mtoto keki ya mdalasini, ndani ya treni kaishika tu mkononi, haijaumwa hata pembeni. Nje hakuna unachoona, giza na mvua, na sura yangu mwenyewe kwenye kioo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Yule bibi akijua, hatanipigia tena asubuhi. Unaelewa? Sitakuwa na mtu."

Akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba mama wa ghorofa ya tano hakucheka.

"Najua hakucheka."

"Mwambie basi."

"Nitamwambia. Apone kwanza." Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso. "Lakini wewe niahidi. Usimwambie."

Akafikiri vituo viwili vizima. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, pole pole, neno moja moja, ili nisije nikasema sikusikia:

"Mormor, naahidi. Sitaenda kumwambia. Lakini akiniuliza tena, nitasema ni sisi, mimi nilicheka mara moja na wewe mara mbili."